Siku Niliyolamba Sabuni Sokoni Bungoma

Mkitaka kucheka chekeni tu, maana hata leo nikipita mbele ya lile duka la Bungoma nageuza uso, mimi bibi mzima mwenye wajukuu, na aibu yenyewe niliitafuta kwa ulimi wangu.

Wakati ule wa mkoloni tulikaa Kitale, mume wangu akipasua mbao kwa mzungu, na mtoto wetu wa kwanza, Nafula, alikuwa hajaota hata jino. Sabuni tuliyoiweza ilikuwa ile ya mche, ya kufulia, na kila nikimwogesha nayo ngozi ya shingo na mapaja inachubuka mpaka inatoa maji, mtoto analia hadi sauti inakauka. Ile ya kuogea, ya karatasi yenye picha ya ua, ilikuwa ya wake za wazungu. Nikasema liwe liwalo, mtoto wangu hatachubuka tena. Nikambeba mgongoni, nikapanda basi mpaka Bungoma kwa mama mkwe, ambaye zamani alichemsha sabuni yake mwenyewe kwa mafuta ya kondoo na maji ya majivu.

"Mafuta ya kondoo siku hizi utatoa wapi?" akaniuliza. "Enda dukani, lakini usiamini macho wala pua. Gusisha ulimi. Ikikuuma wewe, itachoma mtoto."

Sasa, yeye alimaanisha ninunue kipande nije nikilambe nyumbani. Mimi nikajiambia, sabuni ikishakatwa hairudishwi, nikikosea je? Heri nilambe hukohuko dukani. Uamuzi mdogo tu, jamani.

Nikamwachia Nafula, nikaenda. Ilikuwa siku ya soko, duka limejaa pomoni. Nikangoja mwenye duka, Mhindi, ageuke kupima sukari, nikalamba mche wa bluu. Mayi! Ukaniuma mpaka machozi. Wa njano ukaniwasha hadi masikioni. Mtu mwenye akili angeishia hapo, lakini nilikumbuka Nafula anavyojikunja akiona karai tu, nikaendelea (nilifumba jicho moja, sijui ili iweje), na mche wa kahawia, uliosukumwa nyuma karibu na debe la mafuta ya taa, haukuuma hata kidogo. Nikaulamba tena kuhakikisha, kisha tena, ndipo nikagundua kwamba duka zima linanitazama.

"Mama, wewe nakula sabuni yangu?" mwenye duka akauliza.

Nilipofungua mdomo nijieleze, povu likatoka. Mtu akanipa maji nisukutue, nalo likazidi, likashuka kidevuni mpaka kwenye gauni langu la kanisani. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama Wanjala, jirani wa mama mkwe, mwimbaji wa kwaya ambaye mdomo wake haukuwa na mlango:

"Si mnaona? Wengine hutamani udongo, huyu ni sabuni. Ako na mimba ingine! Na ule mtoto hata kukaa bado, bana!"

Kwetu hilo halikuwa jambo la mchezo. Kushika mimba ukiwa na mtoto mchanga ilikuwa aibu, na watu waliamini maziwa yanaharibika, kwa hiyo mtoto anaachishwa siku hiyohiyo. Nikalipia kipande changu cha kahawia (sikulamba bure!) nikakimbia, lakini umbea una miguu myepesi kuliko yangu. Nilimkuta mama mkwe mlangoni na bakuli la uji, Nafula mapajani akiutema na kulia, na matiti yangu yakaanza kuchuruzika.

"Kaa mbali," akasema. "Ati hata mwaka hukuweza kungoja? Hayo maziwa ni sumu sasa."

"Mama, sina mimba. Nililamba vile uliniambia."

"Nilikwambia ulambe mbele ya soko nzima?"

Niliogopa, siwafichi. Lakini sikurudi nyuma. Nikampa kipande. "Lamba, Mama. Ikikuuma, mimi ni mwongo, na mtoto kaa naye."

Akanitazama, akalamba. Akafumba macho, akalamba tena polepole, nami nikalamba upande wa pili nimwonyeshe nilivyofanya, na hivyo ndivyo Mama Wanjala alivyotukuta, amekuja na fungu la mboga kutupa pole.

"Yesu wangu!" akapiga kelele, mboga zikaanguka. "Na mama mzee naye!"

Mama mkwe, mjane wa miaka mingi, alicheka mpaka akashindwa kumshika mtoto, akanipa. Nafula akanyonya huku bado ana kwikwi, nami nikalia kwa furaha. Jioni tulimwogesha kwa ile ya kahawia, akatulia ndani ya karai akipiga maji kwa mkono.

Sijaacha kulamba sabuni. Wanangu wote na wajukuu wameoga niliyoionja mimi. Ila nilikula kiapo: kwanza nanunua, kisha naenda nyumbani, nafunga mlango kwa komeo, halafu nachungulia dirishani kama Mama Wanjala yupo.