Digrii Mbili za Elisi ya Tata Mwamba

Jumapili ile ya kiangazi naikumbuka, mwanangu, maana ndiyo siku niliyokaribia kumuua mtu aliyenilea.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa vyuma hapa Kolwezi, na kila mtu aliisifu mikono yangu. Sifa, mwanangu, ni tamu kinywani na nzito tumboni. Mjomba wangu, Tata Mwamba, alikuwa amestaafu kazi katika karakana ya reli. Kwa miaka sita alijenga nyuma ya nyumba yake ndege ndogo ya watu wawili, ya mabomba ya alumini na kitambaa. Kuku wa mke wake, Mama Feza, walikimbilia kivuli cha bawa. Watu walicheka, naye akaendelea kujenga. Dada yake alikuwa akizeeka kule Sandoa, na wakati wa mvua barabara ya huko hula siku nyingi. Alitaka amwone angali hai.

Ndege ilikuwa imekwisha kuruka juu ya mji mara kadhaa. Lakini ilikwenda polepole, na mimi niliona aibu kama vile mwendo ule ulikuwa wangu.

Elisi, ile rafadha ya mbele inayoivuta ndege, ilikuwa na mapanga matatu. Ukilegeza bolti, unaweza kuzungusha kila panga kidogo, ukalipima pembe, kisha ukakaza. Panga likiinamishwa zaidi hukata hewa nyingi, na ndege ikiwa angani huenda kasi. Hilo nililijua. Lililobaki sikulijua, wala sikuuliza.

Asubuhi hiyo, Tata na Mama Feza wakiwa misani, niliongeza digrii mbili kwa kila panga. Tata alikuwa amechora mstari mwekundu wa rangi juu ya kila bolti, ili aone kama imeguswa. Niliifuta, nikachora mingine. Nilitaka ashangae kwanza, ndipo nijisifu.

Mchana alipanda peke yake. Uwanja wetu ulikuwa njia ya udongo mwekundu upande wa Mutoshi. Moteri ilinguruma kwa uzito, kama mtu aliyetwishwa gunia linalomzidi. Ndege ilikimbia, ikakimbia, magurudumu yasiiache ardhi. Njia ilipokwisha Tata alizima moteri. Ndege ikaingia majanini, ikagonga kichuguu, gurudumu moja likang'oka. Tulimtoa uso umejaa damu.

Nami nikanyamaza.

Kwa siku nane Tata alifungua moteri, akaifunga, akaifungua tena. Elisi hakuigusa, kwa kuwa mistari myekundu ilikuwa mahali pake. Siku ya tisa nilimkuta ameketi uani, msumeno wa chuma mapajani.

"Mi nitaikata hii ndege," aliniambia. "Moteri iko muzuri. Ni mi ndiye nimekwisha, macho na mikono."

Mficha uchi hazai, mwanangu. Niliona kwamba nikinyamaza na siku hiyo, sitakuwa mtu tena.

"Tata, usikate. Ni mi niliongeza elisi digrii mbili. Na ile rangi ni mi nilipaka."

Aliuweka msumeno chini. Hakupaza sauti.

"Jembe ikizama sana, mulimaji anashindwa kuivuta," alisema. "Kwetu huku ni juu, hewa iko nyepesi, na jua inazidisha. Moteri haikuweza kuzungusha elisi sawasawa. Ile haukuyua, ninakusamehea. Lakini siku nane uliniona ninakataa mikono yangu, na ukanyamaza. Ile ndiyo inaniuma."

"Nifanye nini, Tata?"

"Utatengeneza. Na ukimaliza kufunga, utakaa mu kiti ya pili. Mwenye kufunga elisi, anaruka nayo."

Nilifanya kazi mwezi mzima, jioni baada ya jioni. Niliunga gurudumu. Nilirudisha mapanga kwenye pembe ya kwanza, nikapima kila moja mara tatu, na kila mara nikamwita Tata asome kipimo kwa macho yake. Tulifunga mkia kwenye kisiki, tukawasha, tukasikiliza hadi moteri ikazunguka bila kulemewa. Kisha nikapanda. Katikati ya njia ndege iliiacha ardhi.

Kabla ya mvua tulitua Sandoa. Dada yake Tata alimpapasa uso, akasema, "Kumbe bado unaona njia." Tata alicheka hadi machozi.

Sasa nakuusia, wewe unayefunga kamba ambazo wenzako hushukia shimoni. Usiguse kitu kinachobeba uhai wa mtu bila kumwambia. Usilolijua, uliza. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwenzako hajajilaumu kwa kosa lako. Na kazi ambayo wewe mwenyewe huthubutu kuikalia, usimpe mwingine.

Mungu akujalie mikono ya kuaminika na kinywa kisichochelewesha kweli. Na wote wanaotegemea fundo lako, warudi nyumbani wazima.