Nilivyopona Makande Mabichi

Baba yangu mdogo alikuwa mrina asali. Siku moja huko msituni juu ya kijiji chetu cha Poli aliingiza kichwa ndani ya mzinga mtupu, anuse kama nta imeharibika, na kichwa kikakataa kutoka. Tulimshusha mlimani na gogo lake kichwani, anatukana humo ndani, sauti kama ya mtu aliyezikwa. Wanawake waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe walitupa miundu wakakimbia. Bibi ndiye aliyemtoa, kwa samli na kwa kumkalia mabegani. Tangu hapo hakutaka kuonekana barabarani, watu walimcheka mno. Ndiyo maana asali ya kuuza kwa Wazungu ikawa napeleka mimi.

Nasema hayo kwa sababu bila aibu ya baba mdogo nisingefika kwa yule Mzungu, nisingeumwa pale, na ninyi wapendwa wa usharika msingenisumbua niandike. Darasa nilisoma mbili tu, mtanivumilia.

Shamba lake la kahawa lilikuwa chini ya Olmotonyi, ng'ambo ya mji ukitokea kwetu. Wakati huo Mwingereza anatawala, na kijana akipata kazi ya jikoni kwa Mzungu, kwao wanaona ameula. Nilipeleka asali, nikaambiwa nioshe masufuria, mwisho nikawa mpishi. Mke wangu, Mama Anaeli, alibaki Poli na migomba yetu. Afya ninayo. Nilikuwa nabeba gunia la mahindi huku nabishana na mtu.

Ugonjwa ulianzia chooni. Sitawaficha, ushuhuda wa kuficha haumsaidii mtu. Choo kilikuwa kigumu kama kokoto, nakaa mpaka miguu inakufa ganzi, halafu ikaja damu. Tumbo likavimba, ukilipiga kidole linalia. Chakula kikanichukia. Suruali ikawa naifunga kwa kamba ya katani.

Sasa Bwana, yule Mzungu, naye alikuwa ametoka kuugua tumbo. Alisema alipona kwa kuacha moto. Kila kitu alikula kibichi, na sisi tukamwita Bwana Mbichi, yeye hajui. Aliponiona nimejikunja mlangoni akasema kwa Kiswahili chake, "Moto naua chakula. Wewe nakula kitu kufa, tumbo yako nakuwa kaburi. Kaa hapa, mimi taponya wewe."

Akanipa chumba kando ya stoo ya kahawa, dirisha dogo lenye nondo. Akanipokonya kiberiti. Mlango wa jiko akaupigilia mbao, na mlinzi wetu Saidi, Mnyamwezi mmoja mcheshi, akaambiwa nisikaribie kambi ya wafanyakazi, maana huko wanapika. Nililishwa papai, asubuhi papai, mchana papai na mbegu zake. Na kweli, sisemi uongo, tumbo lilifunguka. Damu ikakata. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na Bwana.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kwetu mgonjwa aliyelazwa kwa mganga haondoki hivi hivi. Mganga mwenyewe humtoa: anamtemea maziwa kifuani, anamwambia, "Nenda." Ukiondoka hujatolewa, ugonjwa unakufuata mpaka kwa watoto. Na dawa ya mganga haibishiwi. Mimi kichwani mwangu nilishamweka yule Mzungu kuwa mganga wangu. Yeye hana habari. Saidi alilinda mlango, lakini hata angelala usingizi nisingetoka.

Jioni harufu ya vitunguu ilikuwa inaingia dirishani kutoka kambini. Nilishika nondo kwa mikono miwili, nikavuta pua kama mbwa.

Kisha Bwana akaja na jambo jipya. Wafanyakazi wake ni wa makabila mengi, kila kabila na chakula chake. Alitaka mimi mpishi nivitengeneze vyote bila moto, ili awaite Wazungu wenzake waje kuona. Loshoro ya Waarusha haikunisumbua: mahindi niliyaloweka mpaka yakachipua, nikayatwanga, nikachanganya na maziwa mgando na ndizi mbivu. Ililika. Mtori ulinishinda. Ndizi mbichi ukiiponda bila kuipika, utomvu unashika meno, ulimi unakuwa kama umelamba ngozi. Ugali ulikuwa unga na maji baridi tu. Saidi alionja akaniuliza, "Ndugu yangu, hii inaliwa au unakandika ukuta?"

Yakafuata makande. Maharage niliyaloweka, nikayatwanga pamoja na mahindi. Kila mtu aliyelelewa na mama anajua maharage hayaliwi mabichi. Mimi pia nilijua. Lakini dawa haibishiwi. Nikala bakuli zima. Bwana alikula vijiko viwili.

Jua halijasogea, nilianza kutapika. Nilitapika chakula, nikatapika maji, nikatapika kijani. Chini nako kunafunguka, sijui nielekeze wapi. Mikono ilijikunja kama kucha za kuku. Nje namsikia Bwana anatapika, ameshika nguzo ya baraza, na bado anapiga kelele, "Nzuri! Taka natoka!"

Bahati Mama Anaeli alikuwa amekuja kunitazama siku hiyo, na mkungu wa ndizi kichwani. Aliuangusha pale mlangoni.

"Baba Anaeli, wamekulisha nini?"

"Makande."

"Makande gani yanafanya hivi?"

"Mabichi."

Aliniangalia kwanza, hakulia. Akamgeukia Saidi. "Kaka, huyu akifa hapa, wewe ndiye utanizikia?" Saidi akaleta machela ya magunia na wenzake wawili. Hakuomba ruhusa kwa mtu.

Hospitalini mjini dresa, mtu mzima wa Kichaga mwenye miwani, alinifinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama.

"Maharage mabichi? Wewe ni mpishi au mbuzi?"

"Mpishi."

"Mbuzi angekataa."

Alininywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Mama Anaeli akawa anapika mtori nje kwenye mafiga, mwepesi, naunywa ukiwa moto. Nilipoumeza mara ya kwanza machozi yalinitoka. Siyo uchungu. Ni moto ule kushuka kifuani. Nikaanza kukaa, nikaanza kusimama na fimbo, mashavu yakarudi.

Mniombee msinicheke sasa. Siku niliporuhusiwa, sikwenda Poli. Nilirudi Olmotonyi.

Mama Anaeli alisimama katikati ya barabara. "Unarudi kwa anayekuua?"

"Hajanitoa, mke wangu. Nikienda nao nyumbani huu ugonjwa, ukamshika Anaeli?"

"Basi nenda. Mimi nitaivisha chakula kwangu, asiyekuja asile."

Bwana alinipokea kwa furaha. Wageni wanakuja kesho yake, akasema, na maharage yamekwisha kulowekwa. Nikakaa tena kwenye chumba chenye nondo, mwenyewe, kwa miguu yangu.

Mnaosoma, na hasa ninyi mliolazwa: papai ni zuri, namshukuru aliyenipa. Mtu anaweza kukusaidia leo na kesho akakuua kwa mkono ule ule, na hana nia mbaya. Maharage yachemsheni mpaka yapasuke. Dawa ikikuumiza, sema. Namshukuru dresa, namshukuru Saidi. Mama Anaeli simshukuru hapa, huwa namshukuru nyumbani.

Asubuhi ile ya wageni nilikuwa barazani natwanga. Nikamwita Bwana, nikampa kikombe cha maziwa, nikafungua vifungo vya shati.

"Bwana, nimepona. Nitemee kifuani, uniambie niende."

Alirudi nyuma kama nimemwonyesha nyoka. "Tema mate? Juu ya mtu? Chafu kabisa! Wewe hapana pona bado. Twanga."

Nilimtazama usoni. Hakuwa na cha kunifungulia, kumbe hakuwahi kunifunga. Nilikunywa maziwa yale mwenyewe, nikafunga vifungo, nikalaza mchi kando ya kinu. Saidi alikuwa langoni. Alivuta lango. Bwana alikuwa anaita, "Mpishi! Mpishi!" Nikashika barabara ya mjini, nikaupita mji, nikaelekea Poli, na kule sikurudi tena.