Tonton anaamini blogu yangu kuliko miye

Leo tonton, mjomba wangu, amenishinda kwa maneno yangu mwenyewe.

Tulikuwa twende Bengamisa kuzika shangazi. Kwanza akatafuta kwenye internet: "Barabara ya Bengamisa iko na vita?"

Jibu la kwanza: blogu yangu! "Watu wa bunduki wako barabarani. Musipite."

"Tonton, niliandika ile mwaka jana. Sasa watu wanapita."

"Weye unajua kuliko internet?"

"Iko jina yangu pale juu!"

"Bon, basi andika ingine."

Nikaandika palepale. Akatafuta tena. Ikatokea ile ya zamani.

Akatia ufunguo wa pikipiki yake mfukoni, akakaa.

Mama, mwenye hana hata internet, alishaenda na majirani. Amenipigia sasa hivi: wamezika bila sisi.

Siku zote najisifu hapa kwamba blogu yangu inatokea ya kwanza. Mwenye anajua namna ya kuishusha, aniambie.