Ukucha wa Aika

Ni mwaka ule watoto wetu waliporudi Krismasi kutoka mijini wakakuta makande. Makande, Uchaggani, siku ya Krismasi. Upepo ulikuwa umelaza migomba huku kwetu kote, mtori wa ndizi tukausikia kwa jina tu. Ukiwa mtu wa Marangu unaujua mwaka huo bila kuambiwa. Haya ninayoandika yalitokea muda mfupi baadaye, mchana, si usiku, uwanjani kwangu, na sikuwa nimeonja mbege wala sikuwa na homa. Usipoamini shauri yako, ila maliza kusoma.

Mjukuu wangu Aika anakimbia. Sisemi kukimbia kwa kitoto. Alfajiri alikuwa anapanda mpaka karibu na geti la mlima na kushuka, wapagazi wanatua mizigo wamwangalie, na mimi nikipita sokoni naulizwa, "Wewe si ndiye bibi yake yule?" Ndiyo, ni mimi. Basi kocha mmoja wa Moshi akamwambia: kimbia zile mbio ndefu za mjini, zile zinazojaza wageni, nikikuona umefanya vizuri nakuchukua kambini. Mtoto akakosa usingizi kwa furaha. Kumbe nafasi zinaombwa kwenye simu, na simu yake ilipokuja kushika mtandao nafasi zilikuwa zimejaa. Alilia mpaka akatapika.

Ndipo akaja mgeni. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule ambao ng'ombe wako mwenyewe unamjua kwa mlio tu. Mwanamke kijana, trakisuti mpya, viatu vyeupe. Nikuulize: nani anapanda kwetu kwa miguu, kwenye udongo huu, viatu vikabaki vyeupe? Nililiona hilo nikalipuuza, kwa sababu mkononi alikuwa ameshika namba ya mbio, ile ya kubandika kifuani.

"Shikamoo bibi. Nimesikia hapa kuna mtoto amekosa nafasi."

Nikaitikia, nikampa kigoda. Hata hajakaa, Aika alishajibandika ile namba, amekaa kwenye ngazi anaipapasa na kucheka peke yake. Nikamuuliza mgeni anataka nini. Hela hakutaka. Nilipokuwa nauliza alikuwa ameokota soksi ambayo Aika aliivua asubuhi, ananusa. Halafu akailamba. Polepole, kuanzia kisigino, kama mtoto anayelamba mwiko.

"Mguu wa kulia," akasema. "Dole gumba."

Na kweli Aika alikuwa na ukucha uliokufa pale. Wanaokimbia miteremko wanaujua: kidole kinagonga kiatu, ukucha unakuwa mweusi, unabaki unaning'inia upande mmoja na chini yake panatoa maji.

"Naomba huo tu. Nitautoa mwenyewe, kwa meno."

"Bibi, ni ukucha," Aika akasema, na mguu ameshaunyoosha. "Si utadondoka wenyewe? Mpe."

Kile kiumbe kikapiga magoti, kikafungua mdomo, hapo ndipo nilipoona. Hayakuwa meno. Zilikuwa kucha za miguu, zimeota kwenye ufizi zikibanana, nyingine nyeusi, nyingine njano kama mahindi yaliyobunguliwa, na mbele kabisa moja yenye rangi nyekundu ya mabinti, imebanduka nusu. Harufu ilikuwa ya kiatu kilicholowa kikasahauliwa uvunguni. Nilimkamata Aika makwapani nikamvutia nyuma yangu, nikaing'oa ile namba mpaka fulana yake ikachanika.

"Toka," nikasema.

Hakutoka. Alikwenda kwenye kaburi la mume wangu, kando ya kahawa, akavunja jani la isale, akalipiga fundo, akaja amelishika kwa mikono miwili. Niwaeleze wasio wa mlimani: mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale, unasamehe. Hata kama alimwaga damu ya ndugu yako. Mimi mwenyewe nimewahi kuletewa, nikalipokea na hasira haijaisha. Lakini isale ni la msamaha, si la kuombea vitu, na halichumwi kwenye makaburi ya watu.

"Umenikosea nini wewe?" nikamuuliza.

"Bado, bibi," akasema, mate yanamchuruzika kidevuni. "Nisamehe mapema."

Nikamtupia namba yake usoni, nikamwambia: "Sikusamehe na sikupi. Cha mwili wa mjukuu wangu hakiingii mdomoni mwako, na namba yako kamvalishe mbuzi."

Akaidaka kwa hizo kucha za mdomoni, akakimbia kuupanda mlima. Sikusikia kishindo wala pumzi.

Aika hakukimbia. Siku ya mbio alijifungia ndani, kocha akachukua mwingine, na leo anauza mitumba Moshi mjini. Ule mdomo hakuuona, macho yake yalikuwa kwenye namba. Ukucha wake uliota tena. Akija kunisalimia anavua kiatu ananionyesha: "Huu hapa bibi, si ndio ulioulinda?" Anasema hivyo bila kuniangalia. Ukoo nao umeshanihukumu: bibi aliyekataa isale. Kwenye kipaimara wananikalisha pembeni, na hapo pembeni nikiona mtu anacheka namtazama meno kwanza, chakula hakishuki tena.

Ninyi mnaolea wanaokimbia, mkiambiwa nafasi zimejaa, ziacheni zijae. Na akitokea mtu anakuletea bure ulichokikosa, mwambie acheke kwanza umwone mdomo. Yule mgeni wangu akitaka kurudi arudi. Aje hata na isale la kaburi langu mimi, nitamjibu nikiwa huko chini: "Sikusamehe na sikupi. Cha mwili wa mjukuu wangu hakiingii mdomoni mwako, na namba yako kamvalishe mbuzi."