Kijana Nyuma ya Babu

Mkuu wetu wa hifadhi ya nyaraka za chuo, hapa Iringa, alimbembeleza mama mmoja wa Mafinga mwaka mzima atukabidhi barua na picha za babu yake. Alipozileta, mimi mbishi nikainamia picha moja yenye fremu ya kioo.

"Mama, hii feki," nikatangaza. "Nyuma ya babu kuna kijana mwenye sura ya tapeli, kavaa kofia ya sufu yenye nembo ya timu. Enzi zile aliitoa wapi?"

Mama akaanza kurudisha barua kapuni. Mkuu akashika kichwa. Kisha mama akakitazama kioo, akanitazama mimi.

"Mwanangu, hebu vua kofia yako."

Nikavua. Yule tapeli naye akavua.