Ndunge na Soko la Mbuzi

Ndunge wa Mumbuni hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini ukimgusa pabaya utamtambua. Mwaka wa 2005 alikuwa fundi wa kompyuta katika saiba ya Onesmus, duka la intaneti, Machakos mjini. Nje ya kazi hiyo alikuwa na kitu kimoja alichokiita chake, nacho ni kundi la barua pepe la mafundi wa Ukambani. Alilianzisha mwenyewe. Ukikwama na mashine huko Masii, unaandika shida yako, na kabla ya jioni kuna mwenzako amekujibu. Hakuna aliyelipwa. Ndunge ndiye aliyewaingiza watu na kuwatoa.

Basi ikaja kura ya maoni ya katiba. Jamani, mwaka ule! Wa ndiyo walipewa alama ya ndizi, wa la wakapewa chungwa, na watu wazima wenye ndevu zao wakaacha kazi kubishania matunda. Kundi nalo likaambukizwa. Mtu anauliza kwa nini printa yake inatafuna karatasi, anajibiwa kwamba dawa ni kula ndizi. Ndunge akaonya kwa upole, wakamcheka. Wa ndizi wakasema huyo ni wa chungwa, na wa chungwa wakaapa kwamba ni wa ndizi kabisa.

"Wewe Ndunge, sema tu uko upande gani," akaandika fundi mmoja, Wambua.

"Niko upande wa kompyuta," akajibu. "Kura yangu nitaliambia sanduku."

Kilichomtoa upole ni habari ya Masila. Masila alikuwa mwalimu wa kompyuta Katangi, na mashine zake ziliingiwa na virusi. Akauliza kundini afanye nini. Ndunge akamjibu siku ile ile: usifute chochote, chomoa diski, ilete mjini, tutaokoa kazi za wanafunzi. Lakini jibu lilizikwa chini ya matunda. Masila alisafiri mpaka saiba iliyo karibu na kwao, akapekua ndizi na machungwa mpaka muda aliolipia ukaisha, akarudi Katangi mikono mitupu. Akafuta kila kitu. Kazi ya mwaka mzima ya wanafunzi ikapotea hivyo.

Ndunge alipoisikia alilia kwa hasira, machozi ya kweli, mbele ya wateja. Halafu akafuta uso, akaketi, akafungua kundi la pili. Aliwaandikia hivi: "Sokoni Masii hakuna anayekataza mbuzi. Wana mahali pao, na hakuna anayewafungulia waingie kwenye mboga. Siasa, dini, mpira, matangazo, yote sasa yana kundi lake. Huko semeni mtakalo, mradi msitishie mtu wala kutukana kabila. Huku ni shida za mashine peke yake. Atakayechanganya namtoa."

Kundi jipya wakalibatiza Soko la Mbuzi, na wengi wakahamia kwa furaha, maana huko kelele ilikuwa halali. Aliyegoma ni mmoja tu, naye alikuwa mwajiri wake.

Onesmus alikuwa akinyemelea udiwani. Asubuhi moja ujumbe wake wa kampeni ulifutwa, akaja hadi kwa meza ya Ndunge.

"Nani amenifutia?"

"Ni mimi, bosi."

"Kwa mashine yangu? Na stima ninayolipia mimi?"

"Mashine ni yako. Kundi si lako. Nenda Soko la Mbuzi, uandike mpaka uchoke."

"Huko ni kelele tupu, nani atanisoma? Mimi nataka watu wenye akili."

"Ndiyo maana wamebaki huku, wanafanya kazi."

Wateja wakacheka. Hapo Onesmus akachafuka. Akavuta kiti, akauandika ujumbe ule ule upya, herufi kubwa zote, akautuma kwa mafundi. "Haya, futa tuone. Ukifuta, chukua mkoba wako uende."

Ndunge alifikiria kodi ya nyumba. Alifikiria mtoto wake, Kavutha, aliyekuwa anaingia darasa la nane. Aliogopa, msidanganywe. Akaufuta ujumbe, kisha akamtoa na mwenyewe kundini.

"Nimefuta," akasema, akachukua mkoba.

Kesho yake alienda kwa Haweya, mama wa Kisomali aliyekuwa na saiba ndogo nyuma ya duka lake la vitambaa. Haweya alikuwa ameshayasoma ya kundini. "Njoo uone, dada. Bosi wako anakuosha kwa matusi."

Kweli, Onesmus alikuwa amejaa tele Soko la Mbuzi. Eti Ndunge amenunuliwa. Ndunge ni mwanamke asiye na bwana, sasa anatafuta wanaume wa kutawala. Aliyasoma yote mpaka mwisho. Chini yake mafundi walikuwa wamechemka: mtoe na huku, tuko nyuma yako!

Kidole kilikuwa tayari. Akakirudisha, akaandika: "Hajatishia mtu, hajatukana kabila. Kunitukana mimi hakujakatazwa. Mwacheni."

"Sasa wewe utakula nini?" Haweya akauliza. "Tangaza kwa mafundi kwamba unatafuta kazi. Wote wako huko."

"Kazi yangu si shida ya mashine. Matangazo yanakaa huku."

"Lakini huku ndiko unatukanwa!"

"Sheria niliiweka mimi. Niivunje mimi wa kwanza?"

Basi akaandika pale pale, chini ya matusi ya Onesmus: "Natafuta kazi. Natengeneza kompyuta na printa. Kama hujui kazi yangu, muulize huyo hapo juu. Nimemfanyia miaka mitatu."