Mguu wa Mdogo Wangu Ndani ya Kabati la Kioo

Nilipiga ukelele mbele ya wageni wangu mpaka mmoja akadondosha kamera.

Hebu fikiria. Umeingia makumbusho, umezungukwa na watu wanaosubiri maelezo, halafu ndani ya kabati la kioo unaona mguu wa ndugu yako.

Sisemi kwa mafumbo. Mguu.

Wa mbao, una mikanda ya ngozi, chini umepigiliwa kipande cha tairi. Baba yangu ndiye aliyeuchonga. Ningeutambua hata gizani, kwa kuupapasa tu.

Ngoja nianzie mwanzo, maana hata mimi nikikisimulia kisa hiki huwa najisikia kama mwongo.

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Si wale wa kuchomwa jua ufukweni. Wangu ni wale wanaopenda makumbusho madogo madogo ya pwani: nyumba ya makombe ya baharini, nyumba ya taa za zamani, chumba kimoja kilichojaa kufuli tupu. Mengi ni ya watu binafsi. Unabisha hodi, mwenyewe anatoka anatafuna, umemkatiza chakula, anakukaribisha.

Mdogo wangu tulimwita Kwata.

Alikatwa mguu utotoni baada ya ajali. Baba, fundi seremala, akasema mwanangu hatambai. Akamchongea mguu wa mbao, na kila alipoongezeka kimo akamchongea mwingine. Akipita barazani unasikia ko, ko, ko, kama askari yuko kwenye gwaride. Jina likaja lenyewe. Naye alilipenda, akawa anatupigia saluti.

Akakua, akawa fundi wa injini za boti. Fundi kweli kweli.

Siku moja akatoka na wenzake wawili kujaribu injini waliyoitengeneza. Boti ikaonekana imepinduka. Wenzake waliokolewa hai.

Kwata hakuonekana.

Baba akakataa msiba. "Mguu wake ni wa mbao," alisema, "na mbao haizami. Mwanangu yuko mahali."

Nani angembishia?

Waliokuja kutupa pole walirudishwa mlangoni na pole zao. Baba akaacha useremala. Kila asubuhi anakwenda gatini, anakaa, anarudi macho mekundu. Ukimuuliza anajibu neno moja: "Upepo."

Mama naye akawa mtu wa kliniki. Presha, alisema.

Nyumba yetu ikawa kama mtu aliyevuta pumzi akasahau kuitoa.

Na mimi? Nilizunguka hospitali zote za mjini kwetu, vituo vya polisi, vyumba vya maiti. Nilionyesha picha mpaka pembe zake zikalika. Yaani nilifika mahali nikawa naomba Mungu anipe hata habari mbaya, mradi iwe habari.

Usiombe ufike hapo.

Sasa turudi kwenye kabati la kioo.

Makumbusho yale yalikuwa ya vitu vya baharini, vyumba vitatu juu ya duka la kamba na nyavu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia. Mwenyewe ni mpiga mbizi mstaafu, mzee mpole mwenye sikio moja zito. Kuna mapanga ya injini, dira, chupa zilizoota magamba.

Na mguu wa Kwata. Kibao cha chini kimeandikwa: *Mguu wa mbao. Zawadi.*

Zawadi!

"Mzee, huu mguu umeupata wapi?"

"Dada, taratibu, wageni..."

"Nauliza umeupata wapi!"

Mgeni mmoja akapiga makofi. Alidhani ni maigizo, sehemu ya ziara.

Mzee akanivuta pembeni. Akaniangalia usoni muda mrefu. Nadhani aliona sura aliyokwisha kuiona kwa mtu mwingine.

"Aliyeuleta aliniomba nisimtaje. Nikaahidi."

"Huyo ni mwizi!"

"Si mwizi, mwanangu."

"Basi ni muuaji!"

Akatikisa kichwa.

"Nenda makumbusho ya chumvi, kule kwenye mashamba ya chumvi. Muulize mama wa pale. Mimi nimefungwa mdomo. Lakini miguu yako haijafungwa."

Wageni wangu niliwaachia mzee. Kazi ningeweza kufukuzwa, sikujali. Nilidandia pikipiki ya kwanza niliyoiona.

Njia nzima nilikuwa najidanganya. Labda kapoteza kumbukumbu. Labda yuko huko anatengeneza mashine za watu, ana mguu mpya wa kisasa, ule wa zamani kauacha. Nikamsikia kabisa akinicheka: dada, mbona umechelewa?

Tumaini nalo ni ugonjwa, jamani. Linakupandisha juu ya mti halafu linaondoa ngazi.

Makumbusho ya chumvi ni banda la mabati tu. Ndani kuna reki za mbao za kukokotea chumvi, vikapu, karai kubwa za chuma zilizoliwa na kutu. Mwenye banda ni mama mmoja wa makamo, alifanya kazi ya chumvi tangu usichana. Viganja vyake vimepasuka kama tope lililokauka.

Nikamwonyesha picha. Hakuishika.

"Wewe ni dada yake," alisema. Hakuwa anauliza.

"Yuko wapi?"

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Sikai! Yuko wapi?"

Akanishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara. Tukatokea nyuma ya banda, tukapita kando ya madimbwi meupe. Akaanza kunieleza polepole. Kwamba maji kujaa yalimleta mtu kwenye mfereji wao. Kwamba polisi wa kituo kidogo cha huko waliitwa, wakaandika yao, wakaruhusu azikwe. Kwamba sura haikutazamika tena.

"Ila mguu ulikuwa umefungwa imara," alisema. "Ule mguu ndio uliomleta nchi kavu. Ulikuwa unaelea."

Mbao haizami. Baba alisema kweli, na ukweli wake haukutusaidia kitu.

Kisha nikaona kaburi. Limezungushiwa mawe meupe, safi.

Na kuna mwanamke ameinama, anafagia.

Alinipa mgongo, lakini mtu hasahau mgongo uliombeba.

"Mama?"

Ufagio ukamdondoka.

"Mama, si ulisema unakwenda kliniki?"

Akanitazama. Hakukana, hakulia. Alikuwa amechoka tu, uchovu ambao usingizi hauuondoi.

"Ndiyo kliniki yangu hii," alisema.

Nilikaa chini palepale kwenye chumvi.

Kumbe alisikia sokoni. Wanawake wawili walikuwa wanazungumzia maiti yenye mguu wa mbao, naye akaacha mboga zake hapohapo, akaja peke yake. Akamzika mwanawe na watu asiowajua. Akarudi nyumbani, akapika, akatuandalia.

Tukala. Mungu wangu, tulikula!

"Kwa nini, Mama? Kwa nini hukutuambia?"

"Baba yako aliniambia, siku akiliona kaburi la Kwata, achimbiwe na lake pembeni. Unamjua baba yako. Hasemi maneno ya kupoteza."

"Na mguu?"

"Nyumbani nisingeupeleka. Kuuzika nilishindwa, ni kazi ya mikono ya baba yako. Nikatafuta mahali utakapotunzwa."

Nikamwambia leo tunamweleza baba.

"Utamuua."

"Na wewe unakufa, Mama. Mimi nimzike nani kwanza?"

Akaokota ufagio, akauegemeza kwenye banda la yule mama, akanifuata.

Tulimkuta baba amekaa barazani. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakaniruka. Nikapiga magoti mbele yake. "Baba, Kwata amepatikana. Hayupo. Amezikwa."

Nikamshika magoti, nikisubiri aanguke.

Hakuanguka.

Alimtazama mama. Akasema, taratibu kabisa: "Najua."

Mama akashika nguzo.

"Nilikufuata siku moja," baba alisema. "Nilidhani una jambo unanificha, wivu wa kizee. Nikakuona unafagia. Nikarudi kimya kimya. Nikajisemea, mwanamke huyu ananibebea mzigo ili nisife. Nikimwambia najua, atakuwa amebeba bure."

"Na gatini?" niliuliza. "Asubuhi zote zile?"

"Nilikuwa nakwenda kulia. Kule mtu akiwa na macho mekundu hakuna anayemuuliza sana."

Mngetegemea nini hapo? Wakumbatiane?

Mama alimfuata, akampiga kofi la bega, kisha la kifua, anampiga huku sauti inatoka ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. "Uliniacha peke yangu! Nilimzika peke yangu, nikamlilia peke yangu, na wewe unajua! Unajua!"

Baba hakujikinga. Alikuwa analia waziwazi, mdomo wazi, kama mtoto.

Majirani wakaja mbio. Hawakurudishwa. Hakuna aliyewaeleza kitu, lakini wanawake walikaa chini wakajifunga vitambaa, na wanaume wakaanza kutoa viti nje.

Hivyo ndivyo msiba wa mdogo wangu ulivyoanza. Umechelewa, ila umeanza.

Sitawadanganya kwamba sasa mambo ni shwari. Mama alikaa muda bila kumsemesha baba. Wakati mwingine bado anamtazama kama mtu aliyedhulumiwa, na mimi simlaumu. Baba hajagusa randa wala msumeno.

Lakini wanakwenda kaburini pamoja sasa. Wanakwenda bila kuongea, wanarudi wakibishana habari ya njia. Kwa nyumba yetu, huo ni uhai.

Ndugu yangu unayesoma hapa, huenda na wewe kuna jambo umelimeza ili kumwepusha mwenzako na maumivu. Nakuelewa, umefanya kwa mapenzi. Ila jua kwamba ukimficha mtu machozi yako, hujampunguzia msiba. Umempunguzia mtu wa kulia naye.